Tupeane uzoefu: mkongwe wako wa kikapu alipotrediwa (alipobadilishwa timu), ulibaki na timu au ulimfuata yeye?

Mwanzisha mada (Mwanga, Kigoma)

Wakuu habari za muda huu, wa Kigoma, Tabora na popote mlipo. Juzi kijiweni tumebishana mpaka muuza kahawa akasema tununue au tuachie benchi. Hoja ilikuwa huyu mchezaji mkongwe, amekaa timu moja miaka na miaka, afu anaamka asubuhi anaambiwa kaka wewe sasa ni wa timu nyingine. Kuna mwenzetu wa soka hataki kuelewa kabisa, anauliza sasa huyo alisaini wapi? Hajasaini popote! NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, timu inaupeleka mkataba wako kwingine na wewe unaufuata, hakuna kuulizwa, labda uwe na kile kipengele cha kukataa tredi, na kukipata lazima uwe umecheza ligi miaka 8 na minne kati ya hiyo uwe kwenye timu hiyohiyo, wenye nacho ni wa kuhesabu. Na hela ya usajili kama ya Simba na Yanga hamna, anatoka mtu anaingia mtu, mishahara inatakiwa ikaribiane, pakipelea wanajazia na nafasi za drafti (zamu za kuchagua vijana wapya wanaoingia ligi) za miaka ya mbele.

Sasa ubishi wa nani bora kuliko nani sitaki, nataka uzoefu. Ilikukuta vipi na ukafanyaje.

Naanza mimi. Wangu ni DeMar DeRozan. Raptors, timu ya Toronto, niliwapata kwenye mtumba, jezi nyekundu namba 10, nikaivaa wee mpaka nikaanza kumtafuta mwenye namba yake ni nani. Misimu 9 yuko Toronto, kila siku anasema hapa ndo kwetu. Julai 2018 Masai Ujiri, bosi wa timu wakati huo, akampeleka San Antonio pamoja na Poeltl na drafti, wakaja Kawhi Leonard na Danny Green. DeRozan mwenyewe alilalamika wazi kwamba alikuwa ameambiwa haendi kokote. Nilinuna, sikufungua hata hailaiti mpaka msimu ulipokaribia kuisha. Afu Juni 2019 Raptors wakabeba ubingwa, 4-2 dhidi ya Golden State, mechi ya mwisho huku kwetu ilikuwa alfajiri, nikaruka ruka sebuleni peke yangu, jezi iliyo mwilini ni ya mtu ambaye hayupo. Mwezi uliofuata Kawhi huyooo kaenda zake Clippers. Kwa hiyo mimi nipo Raptors bado, na DeRozan namfuatilia kila anakoenda.

mdau_gungu

Mkuu huwezi kula huku na huku, chagua upande.

Isevya_Tabora

Acha niseme mimi ambaye yangu ilikuwa kinyume chenu. Nyie mnalia mkongwe kuondolewa, mimi kijana wetu aliondolewa ILI mkongwe aje.

Hasheem Thabeet 2009 kachukuliwa namba 2 kwenye drafti na Memphis Grizzlies, Mtanzania wa kwanza NBA, futi 7 na inchi 3, Tabora nzima (sawa, sisi watu wa uwanjani) tukawa Grizzlies. Najua alikuja Harden nyuma yake namba 3 na Curry namba 7, wakawa mastaa wakubwa, hiyo habari naomba msinianzishie, sio mada. Kipindi hicho mechi huoni, una simu ya batani na Opera Mini, unasubiri takwimu zifunguke mstari kwa mstari, unatafuta jina la Thabeet unakuta dakika 6, ribaundi 2, unafunga unaenda shule. Unajua kabisa mambo hayaendi ila hutaki kusema mbele za watu.

Februari 2011, siku ya mwisho ya tredi, anapelekwa Houston yeye na DeMarre Carroll na drafti ya raundi ya kwanza, anakuja Shane Battier na Ish Smith. Battier ni mtu mzima wa miaka 32, hafungi sana, hana mbwembwe, ila ndo Memphis waliyemchukua kwenye drafti ya 2001 wakaja kumtoa 2006. Yaani wanamrudisha mtu wao wa zamani, na malipo ni kijana wetu. Nilikasirika nikasema Memphis basi.

Aprili mwaka huohuo Memphis wanaingia mtoano wakiwa nafasi ya 8, wanakutana na Spurs walioongoza. Grizzlies tangu izaliwe haijawahi kushinda hata mechi moja ya mtoano. Mechi ya kwanza kabisa, sekunde zimebaki ishirini na kitu, wako nyuma, nani anarusha pointi tatu ya kuwapa ushindi? Battier! Hapo ndo nilielewa kwa nini timu inamtaka mtu mzima, na ndo nilizidi kukasirika, maana hata pa kulalamikia hamna tena. Wakawatoa Spurs 4-2.

Na angalieni hii, mwaka uliofuata Houston nao wakamtoa Thabeet kwenda Portland, yeye na Jonny Flynn, ili wamchukue Marcus Camby. Camby umri wake unaelekea 38. Mara mbili katolewa kijana wetu kumleta mzee. Nilimfuata mpaka Oklahoma City alipoishia 2014, timu yoyote aliyokuwepo ndo ilikuwa yangu msimu huo. Sasa hivi sina timu, naangalia tu.

dada_wa_UMISSETA

Pole kaka wa Isevya, hiyo ya Battier imeniuma na mimi.

Mimi niko tofauti na mwanzisha mada, mi ni wa timu. Boston Celtics. Nilikuwa nacheza shule Tabora, kocha wetu alikuwa anatuwekea mikanda ya Celtics ya 2008, Pierce, Garnett na Ray Allen, anatusimamisha kila dakika anasema angalieni anavyosogeza miguu kwenye ulinzi. 2013 wakamtoa Pierce na Garnett kwenda Brooklyn. Pierce misimu 15 hapo! Nilimwita bosi wao Danny Ainge majina ambayo siwezi kuyaandika hapa maana kuna wazee wanasoma.

Lakini tuongee ukweli jamani. Garnett alikuwa na 37, Pierce 35. Brooklyn wakatoa drafti za 2014, 2016 na 2018 na ya 2017 wakakubali kubadilishana nafasi. Brooklyn wakavuka raundi moja tu, 2014 Miami wakawatoa, kiangazi hichohicho Pierce akasepa na Garnett akarudi Minnesota mwaka uliofuata. Boston ya 2016 ikawa Jaylen Brown, ya 2017 ikawa Jayson Tatum, na 2024 hao hao wakabeba ubingwa mbele ya Dallas 4-1. Na jezi za wazee zote mbili, 34 na 5, zimepandishwa juu ukumbini Boston, sio Brooklyn. Kwa hiyo mnaosema timu haina shukrani, ungewaacha wazeekee pale, Tatum ungempata wapi? Kumfuata mchezaji ni kujitafutia presha, anastaafu afu wewe unabaki na nani.

Mwanzisha mada

Dada hesabu zako ni za ofisini, mimi naongelea moyo.

dada_wa_UMISSETA

Moyo wangu ulifurahi 2024 kaka.

Katubuka_boy

Mnatafuta mbali, hii imetokea hapahapa Kigoma. Timu yetu ya mtaani tulikuwa na mzee anayecheza kati, mwalimu, kakaa na sisi tangu goli halina neti, yeye ndo anashika mifuko ya mchango ya mipira, yeye ndo anawagombeza wanaochelewa. Bonanza likakaribia, vijana wakaona mzee hakimbii tena, timu ya upande wa pili wana madogo wawili wanapaa balaa ila hawana mtu mrefu. Viongozi wetu wakakaa wakakubaliana, tunawapa mwalimu, wanatupa madogo wawili na mpira mmoja mpya. Mwalimu mwenyewe kaja mazoezini jioni na ndala na chupa yake ya maji ndo anaambiwa. Hakusema kitu, akauliza tu funguo za stoo namkabidhi nani.

Siku ya mechi sasa. Mwalimu hajaruka hata mara moja, nawaambia kweli, kasimama tu chini ya goli anaongea. Kila tukianza mchezo anawapigia kelele wenzake "anakuja kushoto huyo!" "huyo hapasi, mfuateni!" Mifumo yote si aliifundisha yeye. Madogo wetu wanapaa wanakuta mtu keshafika. Tulipigwa vibaya. Na mpira mpya wenyewe ulikuwa umeshatoboka.

Nilichofanya mimi? Wiki ileile nilihama nikaenda kwa mwalimu.

mdau_gungu

😂😂😂 funguo za stoo

mzee_wa_Ujiji

Vijana mnasahau jirani yetu wa ng'ambo ya ziwa, Mkongo Dikembe Mutombo, Mungu amrehemu, katutoka Septemba 2024. Februari 2001 Atlanta wakampeleka Philadelphia, ana miaka 34, na miezi michache tu yuko fainali na Iverson, nyota wao. Lakers waliwafunga 4-1 ila sisi redioni huku tulikuwa Philadelphia, na alipohama na sisi tukahama.

Kibirizi_dagaa

Jumapili ile ya tarehe 2 Februari 2025, ya Luka Doncic kutoka Dallas kwenda Lakers, mimi nilikuwa nakunywa chai nasikia simu inalia tu inalia tu. Dunia nzima inamlilia Luka, miaka 25. Mkongwe kwenye ile tredi alikuwa Anthony Davis, bingwa wa 2020, na hakuna aliyemuuliza anajisikiaje kufika Dallas watu wanamzomea bosi aliyemleta. Bosi mwenyewe Nico Harrison wakaja kumtoa Novemba. Mimi nilimuonea huruma Davis kuliko Luka, sijui kwa nini hamumtaji.

Isevya_Tabora

Na Damian Lillard mnamuweka fungu gani? Portland misimu 11, Septemba 2023 kaenda Milwaukee, Aprili 2025 kakatika kano ya kisigino, Milwaukee wakavunja mkataba, Julai yuko Portland tena. Shabiki aliyebaki na shabiki aliyemfuata wamekutana mlangoni.

Mwanzisha mada

Huyo hahesabiki mkuu, aliomba mwenyewe kuondoka.

Isevya_Tabora

Aliomba MIAMI. Wakampeleka Milwaukee. Sasa hapo kaomba nini?