Mrejesho: yule binti wa darasa la tatu aliyekuwa akichora vijiti

Wakuu, niliomba ushauri kuhusu binti yangu: swali la 8 + 7 lazima achore vijiti pembeni ya daftari. Ahsanteni, mambo yamebadilika.

Kilichofanya kazi kuliko vyote ni ule ushauri wa kukamilisha kumi. Tulianza na vizibo vya soda mezani: 8 inadai 2, unazichukua kwenye 7, zinabaki 5, jibu 15. Vizibo tulivitoa mapema, sasa anavunja namba kichwani na hata 38 + 7 haimsumbui.

Chenji nayo imemkolea. Gengeni hapa Mbagala, nyanya za 500 na vitunguu vya 700, natoa noti ya 2,000. Hatoi kwa kukopa kama daftarini. Anapanda: kutoka 1,200 hadi 1,500 ni 300, hadi 2,000 ni 500, kwa hiyo 800. Mama wa genge siku hizi anamsubiri yeye ataje kwanza (na foleni nyuma yetu inanuna).

Tebo ya 9 anazidisha kwa 10 kisha anapunguza ile namba yenyewe mara moja: 9 × 6 ni 60 toa 6, yaani 54. Ya 8 anafanya maradufu ya tebo ya 4.

Ule ushauri wa kumwekea saa ajibu haraka nimeuacha. Akiona sekunde zinakimbia anarudi kwenye vidole.

Kugawanya kwenye baki bado ni vita. 23 gawa kwa 4 ananijibu 5, zile 3 anazisahau. Walimu mliomo, mnaanzia wapi?