Kuna maktaba ambayo mtu wa kawaida anaweza kusoma sheria za kazi bila kulipa?

MamaTausi_Moro – Jumamosi, 28 Machi 2026

Wakuu, habari za jioni. Niko Morogoro mjini. Nimekuwa mtunza stoo kwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi kwa miaka mitano na ushee. Tarehe 9 mwezi huu nikakabidhiwa barua ya nusu ukurasa: mifuko 14 ya saruji haionekani kwenye hesabu, kwa hiyo kazi yangu imekoma siku hiyohiyo. Sikuitwa kikaoni, sikuulizwa neno. Nikarudisha funguo mbele ya wenzangu, nikaondoka.

Nilienda steshenari wanichapie sheria ya kazi, wakataka elfu kumi na tano. Kijana wa pale akaniambia nisijisumbue, sheria ni za mawakili. Wakili niliyemfuata anataka laki tano za kuanzia. Sina. Nimeishia kidato cha nne, Kiingereza nasoma kwa kukokota. Ninachouliza ni kimoja: kuna maktaba naweza kuingia nikaisoma sheria yenyewe kwa macho yangu? Nataka nijue inasemaje kabla sijaenda kulalamika popote.

DerevaMasafa

Pole sana dada. Sijui habari za maktaba, ila hesabu siku zako. Mimi bosi aliniambia "subiri tutayamaliza kifamilia", nikasubiri miezi mitatu. Nilipofika CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inayoshughulikia migogoro ya kazi, nikaambiwa nimepitwa na muda. Nikaomba kuongezewa, sababu zangu hazikutosha. Mpaka leo inaniuma, kwa sababu juu ya kosa lenyewe hakuna aliyewahi kunisikiliza. Kilichoniangusha ni tarehe.

MtunzaRafu

Dada yangu, nimefanya kazi kwenye maktaba ya sheria miaka 22, nimestaafu mwaka juzi. Swali lako nimelisikia pale mezani mara nyingi, na karibu kila aliyeliuliza alinong'ona, kama anaomba kitu kisicho chake. Usinong'one. Sheria ikishachapishwa kwenye Gazeti la Serikali ni ya kusomwa na kila mtu, na kazi yetu ilikuwa kuiweka mahali ambapo mkono wako unafika.

Naanza na alichosema dereva, maana ndicho cha haraka. Kuna Kanuni za Usuluhishi na Uamuzi, Tangazo la Serikali namba 64 la mwaka 2007. Kanuni ya 10 inatoa siku 30 za kupeleka mgogoro wa kuachishwa kazi kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Migogoro mingine ya kazi ina siku 60. Kwako, kutoka tarehe 9 Machi, siku ya 30 inaangukia Jumatano tarehe 8 Aprili. Sasa chukua kalenda. Tarehe 3 ni Ijumaa Kuu. Tarehe 4 na 5 ni mwisho wa wiki. Tarehe 6 ni Jumatatu ya Pasaka. Tarehe 7 ni sikukuu ya Karume. Ofisi zimefungwa siku tano mfululizo, kisha inafuata siku yako ya mwisho. Kwa hiyo usihesabu siku 11, hesabu siku nne: Jumatatu hadi Alhamisi hii.

Sasa pa kusomea. Kama simu yako ina intaneti, fungua TanzLII, tovuti ya Mahakama ya Tanzania. Huhitaji kujisajili wala kulipa. Zimo sheria, zimo hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani. Tafuta Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Sura ya 366. Tafadhali angalia ni toleo gani unalolisoma. Siku moja alikuja baba mmoja, fundi mitambo, na nakala iliyokunjwa hadi inachanika. Alikuwa ameikariri. Juu imeandikwa Sura ya 366. Ilikuwa ile Sheria ya Ajira ya enzi za mkoloni, iliyofutwa na Sheria namba 6 ya mwaka 2004, na sheria mpya ikarithi namba ileile ya sura. Yule baba alikuwa amekariri sheria iliyokufa, na hakuna aliyekuwa amemwambia. Nilimletea mpya, tukakaa naye hadi saa ya kufunga. Ndiyo maana mtu akisema "si ipo mtandaoni, maktaba ya nini", mimi sikubali. Karatasi haijui kujieleza kwamba imepitwa.

Na wewe una jambo jipya zaidi. Tangu tarehe 1 Julai 2025 zinatumika sheria zilizofanyiwa urekebu, yaani zilizopangwa na kuchapishwa upya pamoja na marekebisho yake, toleo la 2023. Namba za vifungu zinaweza kuwa zimesogea. Hukumu za nyuma zikitaja kifungu cha 37, kuhusu kuachishwa kazi isivyo halali, usikamate namba tu. Linganisha kichwa cha habari cha kifungu.

Ukitaka karatasi, fuata barabara ya Iringa hadi Chuo Kikuu cha Mzumbe. Wana kitivo cha sheria, kwa hiyo vitabu vya sheria vipo. Mapokezi ya maktaba omba kusoma kama msomaji wa nje, nenda na kitambulisho. Omba Matangazo ya Serikali ya mwaka 2007, hayo ndiyo yanayowasumbua watu kupata. Soma namba 64 niliyoitaja, kisha namba 42, Kanuni za Utendaji Bora, kanuni ya 13. Hiyo ndiyo inayoeleza kikao cha nidhamu kinavyotakiwa kuwa. Isome polepole, mara mbili.

Mkutubi atakuonyesha ukurasa, atakueleza hukumu yenye herufi TZCA ni ya Mahakama ya Rufani na TZHCLD ni ya Divisheni ya Kazi ya Mahakama Kuu. Hatakuambia utashinda au utashindwa, na hatakuandikia madai. Usimwone mgumu, ndiyo mipaka ya kazi yake. Kwa hilo tafuta msaidizi wa kisheria. Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 wanatambulika rasmi. Ofisi ya ustawi wa jamii wanaweza kukuelekeza.

Kuhusu lugha: tangu marekebisho ya 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya utoaji haki. Tafsiri hazijafika zote, na hukumu nyingi za nyuma ni Kiingereza, lakini mbele ya msuluhishi utaongea Kiswahili chako.

WakiliChipukizi

Naongezea kwa mzee. Fomu ni CMA F1. Mpe mwajiri nakala kwanza, asaini kupokea, kisha peleka Tume pamoja na uthibitisho huo. Akikataa kusaini, itume kwa rejista na utunze risiti. Usiiache sehemu B wazi, ni ya wanaolalamikia kuachishwa kazi. Pia si lazima wakili; unaweza kujisimamia, au kuwakilishwa na chama chako cha wafanyakazi au mtu utakayemchagua mwenyewe.

MamaTausi_Moro – Alhamisi, 2 Aprili 2026

Shikamoo mzee MtunzaRafu. Jumatatu nilipanda daladala hadi Mzumbe. Mlangoni niliogopa, wanafunzi wote wana kompyuta mgongoni, mimi nina mfuko wa rambo wenye barua yangu. Dada wa mapokezi alinisikiliza, akanipa kitabu cha kusaini, akaniletea Matangazo ya 2007 yamefungwa jalada gumu.

Kanuni ya 13 niliisoma na kamusi pembeni. Mfanyakazi aambiwe tuhuma zake kwa lugha anayoielewa. Apewe muda wa kujiandaa, kwa kawaida usipungue saa 48. Aruhusiwe kuja na mwenzake wa kumsaidia. Nimeinakili yote kwenye daftari kwa mkono. Mimi sikupewa hata dakika kumi.

Jumanne nimempelekea mwajiri nakala. Karani alisita, kisha akagonga mhuri. Jana saa nne asubuhi fomu imepokelewa CMA, sehemu B nimeijaza. Tarehe ya usuluhishi wataniita kwa simu. DerevaMasafa, Mungu akubariki, bila wewe ningeanza na maktaba na kumalizia na Pasaka.

Mzee, swali moja: hukumu ya Divisheni ya Kazi inayofanana na yangu nimeipata TanzLII, kurasa 11 za Kiingereza. Naanzia wapi kuisoma?

MtunzaRafu

Marahaba mwanangu. Anza na aya mbili za mwisho ujue mahakama iliamua nini. Kisha rudi mwanzo usome mlalamikaji alikuwa nani na alifanyiwa nini. Katikati tutaisoma pamoja, ibandike hapa.