Kongamano la teknolojia na insia: mnatutoza dola 150 halafu mnatupa dakika 6?

Wakuu salaam.

Nimetoka kwenye kongamano la kimataifa la teknolojia na insia (yaani kutumia kompyuta kwenye masomo ya lugha, fasihi, historia na mengine ya aina hiyo), hapa hapa Dar, kwenye hoteli moja kubwa tu. Waandaaji siwataji, wanajijua, na najua wengine wamo humu wanasoma. Nina hasira, mtanivumilia.

Tuanze na hela. Mtoa mada alitozwa dola 150. Msikilizaji asiyeleta chochote zaidi ya masikio yake, dola 75. Yaani mimi niliyeandika ikisiri (muhtasari wa mada), nikaandika makala nzima, nikakesha na slaidi, ndiyo nilipe mara mbili ya aliyekuja kula sambusa! Nilipouliza kwa barua pepe nikajibiwa kuwa ada ya mtoa mada inajumuisha begi, kalamu na cheti. Begi lenyewe zipu iliachia siku ya kwanza, kabla ya chai.

Ratiba ilisema ufunguzi saa 3 asubuhi, vikao saa 4 na nusu, kila mtoa mada dakika 20. Mgeni rasmi akaingia saa 5 kasoro. Muda wote huo ukumbi mzima tunapigiwa muziki na mshereheshaji anatuambia mheshimiwa yuko njiani. Alipofika ikaanza ile yetu tunayoijua: kila anayesimama anasema itifaki imezingatiwa, halafu anaizingatia upya kwa majina na vyeo.

Hotuba ikatuambia hii ni fani changa kabisa, haijawahi kuonekana, sisi ndio waanzilishi. Waanzilishi gani? Padre Roberto Busa, Mjesuiti wa Italia, alianza mwaka 1949 kupanga maneno ya Thomas Aquinas, mwanateolojia wa zama za kati, kwa kadi zilizotobolewa matundu na mashine za kampuni ya IBM. Kazi ile ikaja kuchapishwa katika majuzuu 56. Tanganyika mwaka 1949 hata TANU haijazaliwa! Kaandikiwa hotuba na mtu ambaye hakutaka hata kuperuzi kidogo kwenye simu yake.

Kisha picha ya pamoja. Meza kuu na wafadhili. Meza kuu na kamati ya maandalizi. Meza kuu na akina mama. Meza kuu na washiriki kutoka nje. Chai ikaunganishwa na chakula cha mchana, vikao vikaanza saa 8. Dakika 20 zikawa 6. Mwenyekiti wa kikao chetu akasema "tuokoe muda ndugu zangu", kana kwamba sisi ndio tuliouchoma.

Sasa sikieni kuhusu wasilisho lenyewe. Mimi nashughulika na kuifundisha kompyuta kusoma hati za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, zile tenzi na barua za kina bibi na babu wa Lamu, Pate na Mombasa. Nyingi zimehifadhiwa chuo cha SOAS kule London, nyingine Hamburg, Ujerumani, nyingine ziko maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Si kazi ya kulala. Wanakili wengi walitumia alama moja kwa u na o, na nyingine moja kwa i na e, kwa hiyo ukikuta m na t na ile alama ya juu, hujui ni mtu au mto mpaka usome mstari mzima. Binadamu anajua. Mashine inabidi ifundishwe, na hapo ndipo utamu wa utafiti wangu ulipo.

Waandaaji walitutumia maelekezo: slaidi zitumwe mapema, PDF hazipokelewi, kompyuta binafsi haziruhusiwi jukwaani. Nikatii. Nasimama, kijana wa mitambo anafungua faili kwenye kompyuta yao kuukuu, programu ya zamani isiyo na fonti niliyotumia. Herufi zote zimeachana, kila moja imesimama kivyake kama watu waliogombana msibani, na mistari imegeuka, inaanzia kushoto kwenda kulia. Ubeti wa Utendi wa Mwana Kupona, wa mwaka 1858, umekuwa takataka ukutani, na mada yangu ni USOMAJI WA HATI HIZO! Kompyuta yangu yenye kila kitu iko kwenye mkoba hatua tatu kutoka pale. Naomba niiunganishe, naambiwa utaratibu hauruhusu. Kongamano la teknolojia hilo.

Dakika mbili zimekwenda kwenye kubishana. Nikaeleza nusu ya mbinu, mwenyekiti akanyanyua kikaratasi cha kuonyesha muda umekwisha, akasema niruke nikahitimishe. Nihitimishe kitu ambacho watu hawajakiona?

Maswali sasa. Mzee mmoja akasimama: "Mimi sina swali, nina mchango mdogo." Mchango ukawa mrefu kuliko wasilisho langu, tena kuhusu usanifishaji wa Kiswahili miaka ya 1930. Mwenyekiti kimya, hakuna kikaratasi. Mzee mwenyewe ni profesa, nani atamnyanyulia?

Lakini aliyeniuma roho zaidi ni dada mmoja kutoka Bukavu, Kongo. Amerekodi simulizi za wazee wa kwao kwa simu, akaziandika, akazipanga kwenye hifadhidata. Kazi safi. Amefika, anakuta jina lake limetolewa kwenye vikao, ameambiwa awasilishe kwa bango. Bango hakuwa nalo maana hakuambiwa. Akaenda kuchapisha kwa hela yake mjini, akarudi akakuta hakuna hata ubao wa kulibandika. Akalibandika kwa selotepu ukutani, kwenye korido ya kuelekea vyooni. Ada yake ni ile ile 150.

Haya, waandaaji, msinijibu kwamba "changamoto zimepokelewa". Semeni: kwa nini mtoa mada analipa zaidi ya msikilizaji? Nani aliamua ufunguzi uumeze muda wetu wote? Yule dada anarudishiwa lini gharama ya bango na tofauti ya ada?

Na wakuu, kama kuna mtu amewahi kudai ada ya kongamano akarudishiwa, aje na utaratibu: barua inaandikwa kwa nani, kamati au chuo? Stakabadhi ninayo.