Ulinganisho: vyombo vya kauri vya kutoka oveni hadi mezani kwa ajili ya mikahawa

Mpishi wa Nyali

Habari za kazi, ndugu zangu. Tunapanga upya vyombo vya mkahawa wetu hapa Mombasa, na nia yetu ni kwamba vyakula vinavyomalizikia ndani ya oveni vifike mbele ya mgeni katika chombo kilekile vilimopikiwa. Vyakula vyenyewe ni samaki wa kupaka, ambaye humaliziwa chini ya moto wa juu, kuku wa nazi, viazi vya kuoka na jibini, lasanya kwa wageni wanaoiagiza, na mkate wa sinia mdogo kwa chai ya jioni. Maandalizi hufanywa asubuhi, vyombo hujazwa na kuwekwa kwenye friji, kisha agizo likiingia chombo huenda moja kwa moja kwenye oveni ya nyuzi 220 hadi 230. Baada ya hapo huoshwa kwa mashine.

Nimeletewa aina tano: kauri nyeupe ngumu, udongo mgumu wa rangi mbalimbali, chuma cha kusubu kilichopakwa enameli (tabaka gumu la kioo), bakuli za kioo, na vyungu vyetu vya kufinyanga kwa mkono. Kila muuzaji ananihakikishia kwamba chombo chake kinavumilia oveni, lakini hakuna anayeeleza kinavumilia kwa namna gani. Naomba wenye ujuzi wavilinganishe kwa kazi hii hasa, si kwa matumizi ya nyumbani.

Fundi Tanuri

Ndugu Mpishi, maneno yako yenye uzito kuliko yote ni yale ya friji na oveni, maana hayo ndiyo yanayopaswa kuamua ununuzi kabla ya rangi, bei au jina la kiwanda. Joto lenyewe halivunji chombo cha udongo: udongo laini huchomwa tanurini kwa nyuzi 1000 hadi 1150 hivi, udongo mgumu kwa 1200 hadi 1300, na kauri ngumu huweza kufika 1400, kwa hiyo oveni yako ni ndogo kwa vyote vitatu. Kinachovunja ni sehemu moja ya chombo kuwa na joto kali wakati sehemu nyingine bado ni baridi. Chombo kilichotoka kwenye nyuzi 4 na kuwekwa juu ya bamba la moto hutanuka upande wa chini wakati upande wa ndani, ulioshikwa na chakula baridi, haujaanza kupata moto, na mvutano huo ndio huzaa ufa. Mwulize muuzaji chombo chake kinavumilia mruko wa nyuzi ngapi kwa mara moja, na umwombe jibu hilo kwa maandishi kutoka kiwandani.

Kauri ngumu inasimama vizuri hapa. Haitanuki sana: kila mita yake hurefuka kwa maikromita (sehemu za milioni za mita) 5 hadi 7 hivi joto linapopanda nyuzi moja, tena haina matundu ya kunyonya maji. Viwanda vya Ufaransa vilivyoizoea kazi hii, kama Pillivuyt ya Mehun-sur-Yèvre iliyoanza mwaka 1818 na Revol ya Saint-Uze iliyoanza mwaka 1768, vimekuwa vikitengeneza vyombo vya kuokea na kupakulia kwa vizazi vingi, na maumbo yao yametokana na kazi hiyo: kona za mviringo, kuta zenye unene ulio sawa, na mdomo uliokazwa usimeguke kirahisi.

Udongo mgumu una hatari ambayo wauzaji hawaitaji. Ukichomwa kwa joto kubwa kwa muda mrefu, sehemu ya silika iliyomo, yaani madini ya mchanga, hugeuka kuwa madini yaitwayo kristobaliti, na madini hayo hubadilika ukubwa kwa ghafla yanapopita nyuzi 226 hivi. Linganisha namba hiyo na oveni yako. Chombo kilichotungwa vibaya kitapita kizingiti hicho kila kinapoingia na kila kinapotoka, mara nyingi kwa siku moja, na siku kitakapopasuka lawama itamwangukia mwosha vyombo. Sisemi kwamba udongo mgumu wote uko hivyo. Viwanda makini huudhibiti mchanganyiko wao. Nasema kwamba usinunue udongo mgumu kwa oveni ya nyuzi 230 kama kiwanda hakijathibitisha matumizi hayo.

Kuhusu kioo, jambo ni fupi. Kioo cha borosilikati hurefuka kwa maikromita 3.3 tu kwa kila mita na kila nyuzi, ilhali kioo cha kawaida cha soda na chokaa hufika 9. Jina la chapa pekee halitoshi kukuhakikishia, kwa kuwa vyombo vya Pyrex vinavyouzwa Marekani leo ni vya soda na chokaa vilivyokazwa kwa joto, na vile vya Ulaya ni vya borosilikati. Kwa mkahawa mimi nisingevichagua vyote viwili, kwa sababu chombo hicho kikivunjika jikoni, vipande vinavyopitisha mwanga havionekani ndani ya chakula.

Jambo moja la kuongeza kwa anayetaka udongo unaoweza kukaa juu ya moto wa wazi. Kule Yokkaichi, Japani, wafinyanzi wa vyungu vya donabe huchanganya udongo wao na petalaiti, madini yenye lithiamu ambayo karibu hayatanuki, na kwa miaka mingi petalaiti hiyo ilikuwa ikitoka Zimbabwe. Naumia kuona kwamba madini ya bara letu yalisafiri hadi huko ndipo yawe chungu, nasi tukiwa na mikono ya kufinyanga iliyojaa kila mahali.

Mnunuzi wa Hoteli, Unguja

Nakubaliana na Fundi kuhusu kauri ngumu, ila nataka kuitetea chuma cha kusubu, ambayo ameiruka, na kuongeza mambo ambayo hayaonekani kwenye sampuli moja bali huonekana chombo kinapokuwa mamia.

Chuma chenye enameli hakivunjiki kwa mruko wa joto wa kawaida wa jikoni, na kikifika mezani hukaa moto muda mrefu. Watu hudhani kwamba chuma kina uwezo wa pekee wa kubeba joto. Ukweli ni kwamba kilo moja ya kauri hubeba karibu mara mbili ya joto linalobebwa na kilo moja ya chuma. Chombo cha chuma hushinda kwa sababu ni kizito, basi. Uzito huohuo ndio gharama yake. Mhudumu anayebeba vyombo vinne vya chuma kwenye sinia, akipanda ngazi hadi barazani, atachoka kabla ya saa mbili usiku, na chombo kizito kikigonga chombo cha kauri kwenye beseni la kuoshea, cha kauri ndicho kinachoumia. Enameli nayo hubanduka mdomoni, na ikishabanduka sehemu ya ndani chombo hicho hakirudi tena mezani. Kwetu tumekiweka kwa vyakula vya kuchangia watu wanne au zaidi, kama biriani inayofunuliwa mbele ya wageni, wala hatukitumii kwa sahani ya mtu mmoja.

La pili, na kwangu ndilo zito zaidi, ni uhakika wa kupata vipande vya kujazia. Vyombo vitavunjika, hilo ni sehemu ya biashara. Ukinunua udongo mgumu wa rangi ya bahari ambao mwagizaji ameuleta kwenye kontena moja, mwaka ujao hutaupata, na meza yako itaanza kuwa na viraka. Kauri nyeupe ya kiwanda kinachohudumia hoteli hubaki kwenye orodha kwa miaka mingi. Sisi wa pwani tuna bahati ya kuwa karibu na Ghuba, kwa kuwa RAK Porcelain iko Ras Al Khaimah na hutengeneza kauri kwa ajili ya hoteli na mikahawa. Kabla ya kuagiza, uliza ni vipande vingapi vya chini kabisa wanavyokubali kwa agizo la kujazia, maana hapo ndipo wanunuzi wadogo hukwama.

Angalia pia vipimo. Trei za kawaida za jikoni za kitaalamu ni milimita 530 kwa 325, na chombo chako cha mtu mmoja kikiwa na upana usiogawanyika vizuri humo, utapoteza nafasi ya oveni katika kila mzunguko. Vilevile jaribu kuvipanga vikiwa vitupu: visivyopandana hujaza rafu haraka kuliko unavyofikiri.

Afisa Afya ya Chakula

Ndugu zangu, mmezungumza vizuri juu ya kupasuka, lakini naomba tuitazame pwani yetu inapika nini. Tunapika kwa ndimu, ukwaju, nyanya na siki. Asidi hizo, zikipata joto na muda, huvuta risasi na kadimiamu, metali zenye sumu, kutoka kwenye tabaka la kioo linalopakwa juu ya udongo, ikiwa tabaka hilo limetengenezwa kwa madini hayo au limechomwa pungufu. Kipimo kinachotumiwa na Umoja wa Ulaya tangu agizo lake la mwaka 1984 hujaza chombo asidi ya siki ya asilimia 4 kwa saa 24 kwenye nyuzi 22, kisha hupima kilichotoka. Kwa vyombo vya kupikia kikomo ni miligramu 1.5 za risasi kwa lita na miligramu 0.1 za kadimiamu, wakati bakuli la kawaida la mezani huruhusiwa kufika 4.0 na 0.3. Tofauti hiyo ina maana kubwa kwa mada yetu: chombo kilichopimwa kama bakuli la mezani hakijathibitishwa kuwa chombo cha kupikia, hata kama kinafanana na ndugu yake wa oveni. Mwombe muuzaji cheti cha kundi la vyombo vya kupikia, na uwe mwangalifu zaidi na rangi kali za ndani, hasa nyekundu, njano na rangi ya chungwa.

Kuhusu utaratibu wako wa asubuhi, Mpishi, naomba chakula kipoe kwanza kwenye trei pana ya chuma ndipo kigawiwe kwenye vyombo. Kuta nene za kauri hushikilia joto, na mchuzi wa nazi ulioingizwa friji ukiwa vuguvugu ndani ya chombo kinene hukaa muda mrefu mno katika joto ambalo vijidudu hulipenda. Kwa sababu hiyohiyo, usiamini kingo zinazochemka. Choma kipimajoto katikati ya chakula hadi kisome nyuzi 75.

Binti wa Kyela

Fundi Tanuri, shikamoo. Naomba kusema neno kwa vyungu, kwa kuwa nimekulia karibu na wanawake wa Kisi wa Ikombe, ng'ambo ya Matema kando ya Ziwa Nyasa, ambao vyungu vyao husafirishwa kwa mitumbwi hadi sokoni.

Vyungu hivyo huchomwa kwa moto wa wazi, si kwa tanuri, kwa hiyo havifikii ugumu wa kauri. Lakini udongo wake una chembechembe na matundu, na ufa mdogo ukianza hukwama kwenye matundu hayo badala ya kukimbia hadi upande wa pili. Ndiyo maana chungu hukaa juu ya mafiga bila kupasuka, mahali ambapo bakuli zuri la dukani lingegawanyika mara moja. Matundu hayohayo hunywa mafuta, harufu na sabuni. Chungu kipya hupikiwa uji mzito kwanza ili wanga uzibe vinyweleo, kisha hutengwa kwa chakula cha aina moja tu. Kilichopikiwa samaki kibaki na samaki, la sivyo kuku atanuka samaki, na mgeni asiyevumilia samaki anaweza kudhurika. Mashine ya kuoshea vyombo haikifai kabisa.

Kaka Mpishi, kwa kazi yako ya friji na oveni usikitumie. Lakini kama una kona ya jiko la mkaa ambapo samaki wa kupaka au pweza wa nazi hupikwa taratibu na kuletwa mezani kikiwa bado kinatokota, hakuna chombo kinachokishinda chungu, na fedha yake inaingia moja kwa moja mkononi mwa mfinyanzi.

Mpishi wa Nyali

Nawashukuru sana. Nimeelewa kwamba kwa vyombo vya mtu mmoja tutachukua kauri ngumu nyeupe, ya mviringo, yenye cheti cha kupikia. Chuma kitakuwa kwa biriani na vyakula vya kuchangia. Na vyungu nitaviweka kwenye jiko la mkaa la uani, kila kimoja na chakula chake. Linalobaki ni hili: sampuli zikifika, nitazipimaje mwenyewe kabla ya kulipia shehena nzima?

Fundi Tanuri

Marahaba, binti yangu, umesema kweli tupu.

Mpishi, pima uzito wa sampuli ikiwa kavu kabisa, iloweke majini usiku mzima, ifute vizuri, kisha uipime tena. Kauri halisi haitaongezeka kwa kiasi ambacho mizani ya jikoni inaweza kuona. Chombo cha gramu 1000 kikirudi na gramu 1030, kimenyonya asilimia 3, na hicho si kauri hata kama kimeandikwa hivyo. Pitisha kidole chini ya kitako: kikiwa na ukali wa msasa, kitachubua kila chombo kitakachopangwa chini yake. Kikwaruze kwa kisu cha mezani. Alama za kijivu zinazofutika kwa unga laini wa kusugulia ni chuma cha kisu kilichobaki juu, lakini mkwaruzo unaoshikika kwa ukucha ni tabaka lenyewe limekatika. Mwisho, kijaze chakula halisi, kilaze friji, kiingize kwenye oveni yako yenye moto kamili, na ukitoa ukiweke juu ya ubao mkavu, kamwe usikiweke juu ya meza ya chuma yenye maji. Rudia hivyo kwa wiki nzima ya kazi, kisha mimina wino au chai kali ndani yake na ufute. Mistari myembamba kama utando ikijitokeza, tabaka limeshaanza kupasuka, na sampuli hiyo irudishwe kwa mwenyewe.