Naomba ushauri: kupaka gari zima ile rangi nzito ya pikapu, mwenyewe, nyumbani

Mtoto_wa_Chanika
Wakuu, habari za majukumu. Nina Escudo nyeupe ya 2001, naitumia huku kwetu Chanika. Barabara zetu mnazijua: kokoto, matawi, bodaboda anakukwangua na hageuki nyuma. Rangi imechoka. Nimeona watu wanapaka gari zima kwa ile rangi nzito yenye vipelevipele, ile ya kupaka nyuma ya pikapu. Gari inakuwa nyeusi tii, ngumu, na mkwaruzo mdogo hauonekani. Boksi nimeshanunua Kariakoo, nataka niifanye mwenyewe hapa uani.

Nauliza: nipake kwa rola au nipulize? Rangi ya zamani lazima niitoe yote? Na kwa mvua hizi itakauka kweli? Nina haraka kidogo, mwisho wa mwezi gari iwe tayari. Wajuzi karibuni, wa kutukana wapite kimya kimya.

Abiria_Kimara
Ngoja waje wenye magari. Sisi wa mwendokasi tunasoma tu huku tumeninginia.

Mzee_Kipara
Kijana, kwa jua la Dar hakuna rangi kama nyeupe. Ukilifanya jeusi ukaliegesha Posta saa saba mchana, usukani hutaushika. Hiyo rangi ya vipele ni ya kubebea mawe na mbuzi. Siku hizi vijana mnataka magari yafanane na ya jeshi, halafu mnaendea vitumbua. Nunua rangi ya kawaida, mpe fundi, tulia.

Mtoto_wa_Chanika
Shikamoo mzee. Nimekuelewa, lakini boksi nimeshanunua.

Mama_Kuku_Tabata
Mdogo wangu, mimi niliipaka nyuma ya Hilux yangu ya kubebea kuku na sijajuta. Mbolea ya kuku inakula rangi ya kawaida mpaka bati, ila ile imekaa. Shida yangu haikuwa rangi, ilikuwa dereva. Nilimwamini kama mwanangu, kumbe tairi ya akiba kaiuza, jeki kaiuza, kila nikiuliza ananiambia "mama, iko gereji". Siku moja natoka sokoni Shekilango nakuta gari inaendeshwa na mtu simjui, ananisalimia "shikamoo mama, unaenda wapi, nikusogeze?" Gari yangu mwenyewe! Kwa hiyo kabla hujawaza rangi, kwanza jua nani anaendesha.

Abiria_Kimara
Mama, sasa ulipanda au hukupanda?

Mama_Kuku_Tabata
Nilipanda. Ningefanyaje, nilikuwa na mizigo.

Fundi_Bungoni
Turudi kwenye uzi. Mkuu, nakujibu, ila na mimi nitakuuliza.

Rola inafaa kwa asiye na kompresa, lakini vipele vitakuwa vikubwa, na kwenye eneo pana kama boneti utaona mistari ya pale ulipoanzia na ulipoishia. Kupuliza ndiko kunakotoa sura nzuri. Rangi ya zamani kama imeshika huitoi. Unaipiga msasa namba 180 hadi 240 mpaka mng'ao wote ufe, pamoja na kwenye mikunjo ya milango, maana hapo ndipo watu wanaporuka na hapo ndipo inapoanza kubanduka. Mafuta na nta unayatoa kwa dawa yake, siyo petroli. Palipobaki bati tupu, piga praima ya epoksi kwanza, ile rangi ya chini ya kuzuia kutu.

Kama boksi lako ni Raptor, chupa inakuja na mililita 750 za rangi, unajazia hadina, ile dawa ya kuigandisha, mililita 250, yaani tatu kwa moja. Tikisa dakika mbili. Ukishachanganya una kama saa moja tu kabla haijaanza kuganda, kwa hiyo changanya chupa moja moja. Mkono wa pili unafuata baada ya kama saa moja. Mvua ikikaribia, au bati likiwa limetoa jasho asubuhi, acha, subiri lipate joto. Na boksi moja la chupa nne halimalizi Escudo nzima kwa mikono miwili, hilo ulijue mapema.

Jambo ambalo hakuna anayelisema: hadina ina kemikali inaitwa isosayaneti. Ukiipuliza bila kinga kifua kinaweza kupata pumu ambayo haiondoki. Barakoa za korona hazizuii mvuke ule, tafuta ile ya mpira yenye vichujio pembeni. Na watoto watoke hapo uani.

Sasa mimi: gari ina kutu? Wapi? Na haraka ya nini?

Mtoto_wa_Chanika
Asante sana fundi, umenifungua. Kutu ipo kidogo, ya kawaida tu. Haraka ni mambo ya kifamilia.

Chuma_Chakavu
Kila anayeniletea gari husema "kidogo". Leta picha.

Mtoto_wa_Chanika
Picha zinagoma kupanda, mtandao wangu leo mbovu. Ni chini kwenye milango ya nyuma na juu ya tairi la nyuma kushoto. Ukibonyeza kidole gumba kinaingia.

Chuma_Chakavu
KINAINGIA?

Fundi_Bungoni
Kidole kikiingia hapo hakuna tena habari ya rangi, hapo ni kukata na kuchomelea bati jipya. Ukipaka juu yake umempaka maiti wanja. Tena itaoza haraka zaidi, maana rangi hii haipitishi maji: unyevu uliomo ndani utabaki humo humo ukila bati, na wewe nje unaona gari zuri. Chini ya kila mlango kuna vitundu vya kutolea maji. Wanaopaka wenyewe wanaviziba bila kujua, mvua ikinyesha mlango unajaa maji ukifunga unasikia chwaa. Na Escudo ya 2001 ina chasisi yake chini. Ingia uvunguni na nyundo ndogo, gongagonga. Ikilia kama bati la kopo, habari ni nyingine kabisa.

Lakini kuna kitu hakiniingii akilini. Gari ya Chanika haiozi hivyo. Chanika kuna vumbi, hakuna chumvi. Hiyo gari imeoga bahari.

Mtoto_wa_Chanika
Fundi wewe mchawi. Sawa. Mwaka jana tulienda Kigamboni na washikaji, tukaingia nayo ufukweni kupiga picha. Ikanasa mchangani. Siku yenyewe ilikuwa bamvua, maji yakapanda mpaka kwenye viti. Tukavutwa na trekta. Niliiosha vizuri siku ile ile.

Fundi_Bungoni
Uvunguni uliosha? Kapeti ulitoa?

Mtoto_wa_Chanika
Niliosha nje.

Wakili_wa_Mtaa
Mimi nina dogo tu. Kwenye kadi ya gari rangi imeandikwa nyeupe. Ukibadilisha rangi unatakiwa upeleke taarifa TRA kadi irekebishwe, na kampuni ya bima nao wajue. Siku trafiki akikusimamisha na kadi inasema nyeupe, hapo barabarani mtazungumza muda mrefu. Anayetakiwa kwenda TRA ni mwenye gari. Kadi ina jina lako?

Mtoto_wa_Chanika
Fundi, nikitumia rola ya sponji badala ya ile ya manyoya vipele vitapungua?

Wakili_wa_Mtaa
Kadi ina jina la nani?

Chuma_Chakavu
Jibu swali la wakili, mkuu.

Abiria_Kimara
Nimevuta kiti.

Mtoto_wa_Chanika
Ina jina la mzee.

Wakili_wa_Mtaa
Mzee wako wa kukuzaa?

Mtoto_wa_Chanika
Baba wa mama watoto. Yuko Korogwe. Alipostaafu alisema macho hayampi tena kuendesha safari ndefu, akaniachia niitunze, nimpelekee akiihitaji. Mwisho wa mwezi anakuja kwenye sendofu ya shemeji yangu, na kasema atarudi nayo Korogwe. Sasa mkiona nina haraka msinishangae.

Na kusema ukweli kazi nimeshaanza. Boneti na mlango mmoja wa mbele nimeshapaka, kwa rola. Kwa hiyo kusema "usipake" haisaidii, nimeshafika katikati. Na mzee mwenyewe ni mtu wa shamba, gari ngumu ataifurahia. Nyeusi ina heshima. Sijamwibia, namboreshea.

Mama_Kuku_Tabata
Astaghfirullah! Gari ya mkwe! Kumbe wewe ndiye yule dereva wangu.

Mzee_Kipara
Nimerudi. Kijana, mkwe hafanyiwi hivyo. Mtu amekupa binti, amekupa gari, wewe binti unamlisha nini sijui, gari umelizamisha. Mpigie leo, sio kesho. Au mtafute aliyekuwa mshenga wako aende Korogwe kabla mzee hajapanda basi. Mambo ya wakwe hayaendi kwa rola.

Mtoto_wa_Chanika
Mzee, binti yake anakula vizuri.

Abiria_Kimara
Mzee akifika ataulizia Escudo yake huku kaegemea boneti yake.

Kijiwe_Online
Wakuu samahani, mnajua mnakunywa chai, yaani mnalishwa uongo? Nimepita kwenye nyuzi zake za zamani. Huyu huyu alifungua uzi anaomba ushauri wa kumtongoza mhudumu wa duka la dawa, akasema hajawahi kuoa wala hana mtoto. Leo ana mke, watoto, mkwe na shemeji wa sendofu. Familia nzima imeota kama uyoga. Picha zimegoma, gari hatujaiona. Chai hii, tena ya rangi, haina hata tangawizi.

Chuma_Chakavu
Duh. Nilijua tu, kidole gumba kile kilinitia wasiwasi.

Mtoto_wa_Chanika
Ule uzi aliandika mdogo wangu, simu tulikuwa tunatumia moja.

Kijiwe_Online
Mdogo wako, sawa. Mimi nasema huyu anauza hiyo rangi. Mchezo ndio huo: unaleta kisa, watu wanajaa, fundi anaitaja mpaka jina na vipimo, kesho kutwa inaletwa namba ya simu. Na fundi naye simwamini, wanapasiana mpira.

Fundi_Bungoni
Mimi nauza jasho, rangi uliza Kariakoo. Hebu tumpime. Mkuu, ulipopaka mlango, ile tepu ya karatasi ya kuzuia uliitoa lini?

Mtoto_wa_Chanika
Nilipaka jioni, nikaitoa asubuhi. Ikagoma. Ikawa inakatika vipandevipande, na pale ilipokubali iling'oka na rangi, ukingo umebaki na meno kama msumeno. Nikajaribu kukata na wembe nikachana mpaka mpira wa kioo. Kwenye boneti kuna manyoya ya rola yameganda ndani, nikiyavuta yanatoka na kipande.

Fundi_Bungoni
Huyu amepaka. Tepu inatolewa rangi ikiwa bado mbichi, na hilo mtu wa kutunga asingekosea hivyo, angeandika tu "ilitoka vizuri". Mke anaweza kuwa wa uongo, mlango ni wa kweli.

Kijiwe_Online
Au kasoma mahali.

Mama_Kuku_Tabata
Kijiwe, hata akiwa muongo, hiyo habari ya pumu mimi nimeifaidi. Vijana wangu walipulizia wamejifunga kanga puani. Fundi, kupaka kwa rola nako ni hatari?

Fundi_Bungoni
Nafuu kuliko kupuliza, maana hakuna ukungu wa rangi hewani, lakini kinga vaa vilevile, glavu pia, na mfanyie mahali pa wazi. Ikikushika mkononi inakaa mpaka ngozi ibadilike.

Mtoto wa Chanika, kwa upande wako: acha kupaka. Peleka Ilala kwa wa kunyoosha bodi, sehemu zilizooza zikatwe, zichomelewe, vitundu vya milango vizibuliwe, kapeti litoke, uvungu uoshwe kwa maji mengi yasiyo na chumvi, ukauke kabisa. Boneti na ule mlango, hiyo rangi haitoki kwa tina ikishakauka, ni grenda au msasa mkali, na utafika kwenye bati. Kama hela haitoshi, pata boneti na mlango vya mtumba vyeupe Shauri Moyo, hiyo ni nafuu kuliko kukwangua. Hii nzito, kama unaipenda sana, piga chini ya mstari wa milango tu na ndani ya madigadi, ambako kokoto zinagonga. Hapo ndipo inafanya kazi yake, na gari inabaki nyeupe kama kadi inavyosema.

Wakili_wa_Mtaa
Na mzee aambiwe kabla, siyo baada.

Mtoto_wa_Chanika
Nitafanya hivyo vya chini ya mstari. Mlango nitabadilisha. Boneti nitaiacha nyeusi, kuna magari mengi nyeupe yenye boneti nyeusi na yanapendeza. Mzee nitamwambia kwenye sendofu, akishakula pilau.

Mzee_Kipara
Hujasikia hata kidogo.

Chuma_Chakavu
Mkuu, kama unapaka chini tu, chupa zitabaki. Unauza? Nina kigari cha kokoto nataka nikipake karai lake.

Mtoto_wa_Chanika
Zipo mbili hazijafunguliwa, na hadina yake. Bei maelewano, njoo inboksi.

Kijiwe_Online
SI NILISEMA?