PhD nikiwa na miaka 51: Mlimani, Chuo Kikuu Huria, UNISA au Uingereza kwa masafa?

Chaki_Mufindi

Habari za jioni wadau. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza, sekondari ya serikali, wilaya ya Mufindi. Nilianza kushika chaki mwaka 1998 na sasa nina miaka 51. Shahada ya uzamili (isimu) niliipata 2011. Tangu hapo kila mwaka nasema "mwakani", na nimechoka kujisikia nikisema hivyo.

Mume amekubali. Aliuliza swali moja tu: "Nani analipa?" Kitinda mimba wangu yuko kidato cha nne, kwa hiyo nyumba inaanza kupumua.

Njia ninazozifikiria ni nne. Mlimani, yaani UDSM, ambako itabidi niombe ruhusa ya masomo na kuhamia Dar angalau kwa kipindi cha mwanzo. Chuo Kikuu Huria, ninasoma nikiwa hapa hapa na kituo chao kipo Iringa mjini. UNISA ya Afrika Kusini, kwa masafa. Na ya nne ni ndoto: chuo cha Uingereza, kwa masafa pia.

Mada ninayo. Tangu 2003 natunza insha za kwanza za kidato cha kwanza, zile wanazoandika wiki za mwanzo kuhusu nafsi zao na familia zao. Ziko kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Nataka kujua mtoto aliyesoma miaka saba kwa Kiswahili, nyumbani akiongea Kihehe, anavukaje kuingia kwenye Kiingereza cha masomo yote.

Aliyepita njia mojawapo anisaidie. Ila naomba msiniambie umri ni namba tu. Mimi nalijua hilo, goti langu ndilo halijui.

Babu_Takwimu

Mwalimu, shikamoo kama umenizidi, marahaba kama nimekuzidi.

Kabla ya kulinganisha vyuo, linganisha miaka. Kustaafu kwa lazima ni 60. Una miaka 9. Ukisoma huku unafanya kazi, weka 5 au 6 bila kujidanganya. Unamaliza na 57. Sijawahi kuona mwalimu wa sekondari aliyepandishwa daraja kwa sababu ya PhD. Kama unataka kuhamia chuoni, kumbuka ile 65 ni ya wahadhiri waandamizi na maprofesa, na huwi mwandamizi siku unayovaa joho jekundu. Kuna machapisho na ngazi za kupanda.

Kwa hiyo nami nina swali moja tu, kama mume wako: unaitakia nini? Ukishajibu hilo, chuo kitajichagua chenyewe. Na tafadhali usiweke kiinua mgongo kwenye hesabu ya ada. Kikokotoo cha mafao kimeshatutoa jasho la kutosha.

Chaki_Mufindi

Marahaba, nadhani nimekuzidi 😀

Naitakia sanduku. Nikistaafu bila kuyafanyia kazi yale makaratasi, watoto wangu watawashia moto. Ukiniuliza kuhusu cheo, sina hamu nacho. Nikipata vipindi vya kufundisha walimu wanafunzi chuoni baada ya 60, kwa mkataba, nitashukuru.

Mhadhiri_wa_Jioni

Dada Chaki, jibu lako kwa Babu limenifanya niandike, nilikuwa napita tu.

Mlimani wana njia mbili: tasnifu peke yake, au kozi na tasnifu. Watu wazima wengi hukimbilia tasnifu peke yake kwa kuona kozi ni kupotezewa muda. Kwako wewe nisingeshauri hivyo. Umemaliza uzamili 2011. Tulipokuwa shahada ya kwanza, uchambuzi wa makosa ya wanaojifunza lugha ulikuwa ndio wimbo, Pit Corder na makala yake ya 1967. Leo ukipeleka pendekezo la utafiti lenye makosa ya wanafunzi peke yake, jopo litakuuliza kuhusu nadharia ya mwanafunzi kutumia lugha zake zote kwa pamoja darasani, ile iliyoanzia Wales kwa Cen Williams miaka ya 1990 ikaja kushika kasi Marekani kwa Ofelia García. Mwaka mmoja wa kozi utakurudisha mjini kifikra. Ukienda tasnifu tupu, huo mwaka utausoma mwenyewe usiku, bila mtu wa kubishana naye.

La pili, na hili nalisema kwa uchungu wa kazi yangu: chuo hakisimamii tasnifu, mtu ndiye anayesimamia. Kabla ya kujaza fomu yoyote, tafuta nani ameandika kuhusu lugha ya kufundishia, soma makala zake mbili tatu, halafu mwandikie. Kurasa 2 au 3, si wasifu wako wote. Akijibu ndani ya wiki mbili, huyo ni mtu. Asipojibu sasa hivi ambapo hana mzigo wako, atajibu lini ukiwa na sura nzima mezani kwake?

La tatu ni lile sanduku. Ni hazina, ila ni insha za watoto. Utaulizwa ridhaa. Jiandae kufuta majina yote, majina ya wazazi, hata majina ya vijiji. Na usidhani kwa kuwa wewe ni mwalimu wa shule hiyo unaingia tu: barua ya kibali inatoka chuoni, inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, ndipo inamfikia mkuu wako wa shule ambaye mmekunywa naye chai asubuhi.

Kijana_Ubungo

Mama shikamoo. Mimi niko mwaka wa pili wa PhD (si lugha, ni elimu). Kuhusu ufadhili: msije mkamwambia aombe ule wa DAAD, shirika la Ujerumani, wa kusoma ndani ya nchi na kanda. Wanataka shahada yako ya mwisho isiwe imepita miaka 6 wakati wa kuomba. Yake ina zaidi ya mara mbili. Niliona mwalimu wangu akijaza fomu ile wiki nzima, kisha akaja kusoma kipengele hicho mwishoni. Nilimwonea huruma sana.

Kwa kazi yenyewe, anza kuchapa insha kwenye kompyuta leo, usisubiri usajili. Chapa kama zilivyo, na makosa yake yote. Zima kile kisahihishi cha Word kabla hakijawasahihishia watoto wako! Kisha kuna programu ya bure inaitwa AntConc, inakuonyesha neno moja katika sentensi zake zote kwa mara moja. Na Zotero kwa marejeo, bure pia.

Mwalimu_wa_Kisumu

Salamu kutoka ng'ambo ya ziwa. Nitaongeza yangu kwa sababu mimi nilianza nikiwa na miaka 47, mwalimu wa Kiingereza na Fasihi, nikamaliza na 54.

Huku kwetu mambo yaliharibika kidogo baada ya 2014. Tume ya elimu ya vyuo vikuu ilitoa miongozo kwamba mhadhiri awe na PhD, na wakapewa miaka mitano. Basi walimu wa vyuo wakajaa kwenye foleni ile ile tuliyokuwa sisi wa shule za upili. Msimamizi wangu wa kwanza alipata kazi kwingine akaondoka bila kuniaga. Wa pili alikaa na sura yangu ya pili miezi minane, na aliporudisha alikuwa ameweka alama ya kuuliza moja ukurasa wa 14. Moja! Chuo sikitaji, na sidhani ni chuo kimoja tu.

Tena huku lazima uwe na makala mbili kwenye majarida yanayopitiwa na wataalamu kabla ya kuhitimu. Uliza mapema chuo chako kinataka nini upande huo. Makala moja inaweza kula mwaka mzima ikisubiri wapitiaji.

Kilichoniokoa ni kwamba utafiti ulikuwa darasani mwangu. Wenzangu waliochagua mada ya kaunti tatu walikwama kwa nauli. Nasema hivi kwa dada Chaki: njia yoyote inayokutoa Mufindi inakutoa kwenye data yako.

Mzenji_Leicester

Asalaam aleikum. Hiyo ndoto ya nne naijua, nimeiishi.

Kwa Kiingereza na ufundishaji wake, Lancaster wana PhD ya isimu matumizi ya kozi na tasnifu, ya muda wa ziada, mtu anasoma akiwa kazini kwake. Vyuo vingine vina EdD, udaktari wa elimu unaolenga watu wa kazi: kozi nyingi zaidi, tasnifu fupi kuliko yale maneno 80,000 hadi 100,000 ya PhD ya kawaida. EdD si PhD ya daraja la pili, ila jiandae kuwaeleza watu hilo kila mwaka wa maisha yako.

Kikwazo ni pesa. Ada ya mwanafunzi wa kimataifa ni maelfu ya pauni kwa mwaka, na kwa masafa haipungui kama unavyodhani. Kikwazo cha pili kitakuchekesha. Mimi nimefundisha Kiingereza miaka 19, nikaambiwa nikafanye mtihani wa IELTS kuthibitisha kwamba nakijua. Nikakaa chumba kimoja na vijana niliowafundisha. Mmoja akanipita kwenye kusikiliza.

Lakini kuna mlango wa nyuma ambao ni halali. Jumuiya ya Madola wana ufadhili wa kugawanya PhD: unasajiliwa chuo cha nyumbani, halafu unakwenda chuo cha Uingereza hadi miezi 12 na shahada inabaki ya nyumbani. Kwa hiyo namba moja au mbili kwenye orodha yako inaweza kukupa kipande cha namba nne.

Babu_Takwimu

Sasa mbona mnamsukumia Huria kimyakimya? Semeni ukweli: mitaani wanaibeza. "PhD ya masafa." Akienda kuomba hivyo vipindi vya mkataba, jopo litatazama jina.

Mhadhiri_wa_Jioni

Babu, nimekaa kwenye majopo. Jina linatazamwa dakika tano. Baada ya hapo wanatazama umechapisha nini na unaweza kusimama mbele ya darasa au huwezi. Huria iliundwa kwa sheria ya mwaka 1992, si chuo cha juzi, na wasimamizi wake wengine ni walewale waliowahi kukaa Mlimani. Tofauti ya kweli iko kwingine: Mlimani una maktaba, semina, na watu wa kugongana nao kwenye korido wakakwambia "umesoma hii?" Huria unalipia uhuru kwa upweke. Kwa mtu mwenye nidhamu ni biashara nzuri. Asiye na nidhamu atalipa ada miaka minane.

Nyota_ya_Mbozi

UNISA nimesoma mimi, nieleze kwa ufupi. Vyeti vyako vya Tanzania vinapitia tathmini ya SAQA, mamlaka ya vyeti ya Afrika Kusini, kwanza, anza hilo mapema. Mwanzo wote ni pendekezo la utafiti, lisipopita huendelei. Ada ni kwa randi, na randi ina hasira zake. Usimamizi ni barua pepe. Msimamizi wangu alikuwa mzuri sana na hatukuonana uso kwa uso hata siku moja mpaka namaliza. Ukirudi na cheti, unakipeleka TCU, tume yetu ya vyuo vikuu, kitambuliwe. Maktaba yao ya mtandaoni ni tamu mno, hilo ndilo nililolikumbuka zaidi. Kwa mada ya dada Chaki lakini sioni sababu ya kuvuka mto Limpopo kutafuta msimamizi wa Kiingereza cha kidato cha kwanza Tanzania.

Mhadhiri_wa_Jioni

Nyota amelisema vizuri. Watu waliolima shamba hili wako hapa au walipita hapa. Criper na Dodd walileta ripoti yao 1984 wakionyesha kwamba Kiingereza cha wanafunzi wa sekondari hakitoshi kusomea, na bado wakapendekeza kibaki lugha ya kufundishia. Kisha ule mradi wa Waingereza wa kuinua Kiingereza cha sekondari ulioanza 1987. Kisha LOITASA, mradi wa utafiti wa lugha ya kufundishia Tanzania na Afrika Kusini, kuanzia 2002, akina Brock-Utne na Martha Qorro. Ukiwa na hao mkononi, mazungumzo ya kwanza na msimamizi hayatakuaibisha.

Chaki_Mufindi

Mwalimu, umenirudisha mbali. Mimi niliingia kidato cha kwanza 1989 na vile vitabu vya hadithi vya mradi ule nilivikuta. Vyembamba, vimepangwa kwa madaraja, vinasomwa mpaka vinatoka jalada. Sikujua kumbe mimi mwenyewe nilikuwa data ya mtu.

Nimesoma yote mara mbili. Mlimani nauacha, si kwa kuupenda kidogo. Nikihamia Dar nani ataniletea insha za Januari? Nimewaandikia watu wawili wa Huria na mmoja wa Mlimani kuuliza kama anaweza kuwa msimamizi mwenza, kurasa mbili na nusu. Mmoja wa Huria amejibu siku ya nne. Ameuliza swali moja ambalo sijalala nalo vizuri: "Wewe mwalimu ungesahihisha. Mtafiti afanye nini?"

Nikaanza kuchapa kama Kijana alivyosema. 2003 nimeshamaliza, insha 41. Miaka 22 nimekuwa nikizungushia kalamu nyekundu "My mother he is a farmer". Juzi nimeichapa mara ya tisa ndipo ikanijia kwamba yule mtoto hakukosea jinsia ya mama yake. Anaandika "yeye". Lakini wengine sita wa darasa hilo hilo, kijiji hicho hicho, hawaandiki hivyo. Kwa nini?

Jumamosi naenda kituo cha Iringa na vyeti. Ufadhili nitaomba huo wa Madola nikishasajiliwa, nikikosa nitalipa kwa awamu kutoka kwenye mahindi.

Habari mbaya: nimefungua bahasha ya 2006. Panya wamekula yote, wameniacha na pini.

Mhadhiri_wa_Jioni

Hiyo "kwa nini" ipeleke hivyo hivyo kwa aliyekujibu, usiiremberembe.

Na 2006 usiifiche. Iingie sura ya tatu, kipengele cha upungufu wa data. Sababu: panya.

Kijana_Ubungo

Mama, piga picha hizo nyingine kwa simu usiku huu huu. Na lile sanduku litoke chini ya kitanda.