Nimeboresha kilabu cha mama kule Uru, wazee wamehama na mtori unasemwa vibaya. Nifanyeje?

Mwana wa Kihamba

Wakuu, habari za jioni. Mimi niko Moshi mjini, nauza spea za magari, ila nyumbani ni Uru, njia ile ya kupanda Materuni kwenye maporomoko. Mama yangu ana kilabu cha mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, tangu nikiwa darasa la pili. Ada yangu ya sekondari ilitoka humo, na ya dada zangu wawili pia.

Kilabu chenyewe mnakijua hata kama hamjafika. Banda la mbao, mabenchi, sakafu ya udongo, mapipa mawili nyuma, moshi mpaka machozi. Siku za kawaida kulikuwa na kiburu (ndizi na maharage), Jumapili mtori, yaani supu nzito ya ndizi na nyama. Mwaka jana goti la mama likazidi, nikasema basi, hapa papigwe msasa. Nikakopa milioni kumi kwenye SACCOS yetu, nikaongezea akiba, banda likaenda chini. Sasa kuna tofali, vigae, kaunta, friji mbili, televisheni ya inchi 55, taa za kubadilika rangi, na vyoo viwili vya maana, cha kike na cha kiume. Nikaleta kijana mpishi aliyewahi kufanya kazi hoteli mjini. Mbege tukaanza kuitoa kwenye jagi la kioo, kila mtu na glasi yake, lita moja kwa shilingi 1,500. Tulifungua tarehe 18 Desemba.

Desemba sikukaa chini. Watu wa Dar walivyopanda kula Krismasi, magari yalipangana mpaka njia panda. Watu wanapiga picha, wengine wanarusha mtandaoni, "hatimaye kijijini kuna sehemu ya kukaa". Nikajua nimeula.

Leo ni mwezi wa tatu, na maoni ninayopata hayapatani. Vijana na wanaopanda kutoka mjini wanapasifia: choo, mpira, bia ya baridi, kitimoto. Waongoza watalii wakishuka Materuni wananiletea wageni wawili watatu kwa wiki, wanaonja mbege, wanakunja uso, wanacheka, wanalipa vizuri. Lakini wazee kama kumi na tano waliokuwa wanashinda kwetu kila siku wamehamia kwa mama mmoja anayeuzia uani kwake, chini ya mparachichi. Hawajanigombeza. Wakipita wananisalimia vizuri tu, na hicho ndicho kinachoniuma.

Kingine ni chakula. Mtori sasa ni 5,000, mama alikuwa anauza 2,000. Wa mjini wanasema mlaini, mmoja akasema kama supu ya hotelini. Wa kijijini hawaugusi. Jumapili iliyopita alikuja mzee aliyekuwa rafiki wa marehemu baba, nikamwekea bakuli mwenyewe. Akalishika jani la giligilani kwa vidole viwili, akalilaza pembeni ya meza kama mtu anayetoa unywele. Akala vijiko vitatu. Akaweka kijiko, akatoa elfu tano, nikamkatalia, akaiacha. Kisha akaniuliza, "Mama yako hajambo?" Akaondoka.

Mpishi anasema watazoea. Mke wangu anasema rudisha mabenchi. Dada yangu wa Dar anasema wazee hawana hela, achana nao. Rejesho ni laki nne kila mwezi. Naomba ushauri, hasa kwa wenye biashara ya chakula na wanaozijua desturi za huku. Maneno ya "Mchaga na hela" nimeshayasikia, hayalipi mkopo.

Kata Mbili

Picha ya mtori iko wapi mkuu? Uzi wa chakula bila picha ni tangazo la msiba.

Dereva wa Noah

Nadhani nilishafika hapo, maana njia ile sijaona kilabu kingine chenye vigae. Choo nakupa kumi kwa kumi, mke wangu alirudi anakisifia kama amekuta sebule. Kitimoto safi, pilipili yake ni ya kweli. Muziki ndiyo shida. Nilimwomba dada wa kaunta apunguze, akapunguza, bia haijafika nusu umesharudi palepale. Mtori niliula kwa njaa. Ukiinua kijiko unavutika kama gundi.

Mama Mso

Mwanangu, hapo kwenye gundi nimeelewa kila kitu. Huyo kijana anasaga ndizi kwenye blenda.

Mtori hausagwi. Nyama yenye mifupa inatangulia jikoni mapema mpaka inaachia. Ndizi zinaiva kwenye ile supu, halafu unaziponda kwa mwiko taratibu huku unarudisha supu kidogo kidogo, na nyama inafuata mwishoni. Mpondaji mzuri anaacha vipande vidogo, ulimi ujue kwamba ni ndizi. Blenda ikizipiga zikiwa za moto zinavunjika kabisa, zinakuwa ute. Mtu wa mjini anaita ulaini. Sisi tunaita kuharibu ndizi.

Swali la pili, ni ndizi gani? Kama siyo mchare tusiendelee na mazungumzo. Ukipika mtori wa ndizi bukoba umepika uji wa rangi.

Na hayo majani juu! Mtori ni chakula cha mzazi, tunampa mama aliyejifungua apate nguvu na maziwa. Nimehudumia wazazi miaka yote hii, sijawahi kuombwa pambo.

Nina swali la tatu. Umeandika mpaka inchi za televisheni. Mama yako yuko wapi siku hizi?

Mshauri wa Bure

Kosa lako la kwanza ni kupima biashara kwa Desemba. Kilimanjaro nzima inajaa kuanzia tarehe 20 mpaka mwaka mpya, hata anayeuza maji ya bomba anapata wateja. Soko lako halisi ni hili la mwezi wa tatu, mvua ikiwa imeanza na kila mtu amemaliza kulipa ada.

Sasa mwambie dada yako wa Dar achukue kalamu. Wazee 15, kila mmoja lita mbili kwa siku, kila lita kwa shilingi 1,500. Hiyo ni 45,000 kwa siku. Siku 25 za mwezi ni 1,125,000. Hata ukibakiwa na theluthi tu, ni 375,000, karibu rejesho lako lote, kutoka kwa watu "wasio na hela". Watalii watatu kwa wiki wanalipa vizuri kwa siku hiyo moja, ila hawarudi kesho.

Halafu la pembeni, usilipuuze: leseni ya pombe za kienyeji siyo leseni ya bia. Kama ulibaki na ile ya mama na sasa una friji mbili za bia, wahi halmashauri kabla hawajakuwahi wao. Na muziki wa biashara una ada yake ya hakimiliki.

Nimetoka Sakina

Mimi wa Arusha, naomba nipinge kidogo. Mnamrudisha kijana wa watu kwenye moshi kwa sababu ya hisia. Hivyo vilabu vya zamani mwanamke alikuwa anajisaidia wapi? Migombani. Dada zetu hawakuwa wanaingia, na aliyeingia alisemwa. Leo mtu anakaa na mkewe anakula, mnasema pameharibika. Mkuu, vigae viache, choo kiache, taa viache. Ungebaki na banda, mama angezeeka humo na kikohozi.

Kata Mbili

"Taa viache" 😂 Sakina hiyo bia ya ngapi?

Meku Mstaafu

Kijana wa Sakina kasema kweli kuhusu choo. Hakuna mzee aliyehama kwa sababu ya choo safi, sisi siyo wanyama. Mimi siyo wa Uru, ni wa Old Moshi, ila kwetu pia kilabu kimoja kimepitia haya.

Kwanza mbege. Inatoka kwenye ndizi mbivu zilizochemshwa zikalala, ukaingia uji wa mso, yaani ulezi uliooteshwa, na msesewa, gome la mti, ukaleta uchungu wake. Ikishaiva haisubiri mtu, inazidi kuchacha kila saa, ndiyo maana inanywewa siku yake. Ukiitia friji inapoa, na ladha inakufa. Ukiifunga kwenye chupa inatumuka mpaka kifuniko kinaruka. Jagi la kioo halina ubaya, kama mbege ni ya leo.

Pili kata, kile kibuyu cha kunywea mbege. Anayeuza anaonja kwanza, mnywaji ajue ni salama, ndipo anapokea mkubwa, inazunguka. Humo ndimo shamba linauzwa, ugomvi wa mpaka unaisha, posa inaanza. Ukimpa kila mzee glasi yake mnakaa kama mko zahanati mnasubiri kuitwa majina.

Tatu, nikuulize. Viti vyako vinatazama wapi?

Mwana wa Kihamba

Nimesoma yote. Nijibu kwa mpangilio.

Meku, viti vyote vinatazama televisheni. Sikuwahi kuliwaza hilo. Mabenchi ya mama yalikuwa yanatazamana.

Mama Mso, nimempigia mpishi. Blenda ni kweli, tena ameniambia kwa fahari. Ndizi anachukua mjini, zozote anazokuta kwa bei nzuri. Na hapa naona aibu kuandika: nyuma ya kilabu, ndani ya kihamba chetu, shamba la familia, migomba ya mchare imesimama na mikungu yake.

Mama yuko nyumbani, hatua kama sitini kutoka kilabuni. Nilimwambia apumzike, goti. Tangu Januari hajaingia. Nilidhani anafurahia kupumzika.

Dereva wa Noah

Mchare uani, ndizi unanunua mjini na nauli juu. Mangi, wewe kweli unauza spea?

Mama Mso

Mwacheni, ameshaona mwenyewe.

Mwanangu, mama yako kiungo kibovu ni goti, ulimi wake mzima. Asisimame jikoni, akae kwenye kigoda aelekeze. Huyo kijana usimfukuze, kitimoto chake kinasifiwa na ni mikono ya kazi. Mwachie mishikaki, chipsi na mchemsho. Mtori uwe Jumamosi na Jumapili tu, kwa mwiko, chini ya macho ya mama. Bei ishuke iwe 3,000, ndizi si ni zako? Na aliyeacha elfu tano yake mezani, mpelekee bakuli kwake. Siyo hela. Bakuli, na mama akiweza kutembea aende naye.

Mshauri wa Bure

Tenga pia kona ya wazee nje, bila spika. Mpira na taa vibaki ndani.

Nimetoka Sakina

Hiyo kona ya wazee nje ndiyo itawamaliza. Mwenye kilabu anakuwa anawafukuza kwa adabu. Bora muziki upungue kote.

Meku Mstaafu

Mimi nje kwenye kivuli sioni kufukuzwa. Ndani ndiko kwenye joto la bati.

Mwana wa Kihamba

Mrejesho, wakuu.

Ijumaa jioni nilimwomba mama. Hakunijibu, akaniuliza tu kama mwiko wake mkubwa nilishautupa. Ulikuwepo. Jumapili akaja na kigoda chake kutoka nyumbani, akakaa mlangoni mwa jikoni, akamtuma mpishi akate mkungu. Kijana akamenya kwa aproni nyeupe ya hotelini, utomvu ukamaliza aproni. Mama akacheka mpaka akashika goti. Akamfundisha kupaka mafuta mikononi kabla ya kumenya, wakaelewana. Blenda sasa inasaga juisi ya parachichi.

Viti nimevigeuza, meza katikati. Benchi lilikuwa limebaki moja stoo, nimeliweka nje chini ya mti. Wazee waliokuja ni watatu. Mmoja akaomba kata. Nilizitupa zote wakati wa kuvunja banda, ikabidi nikaazime kwa yule mama wa mparachichi. Alinipa, ila alinifanya ninunue kwanza lita moja kwake na niinywe palepale mbele ya wateja wangu wa zamani. Mbege yake ni nzuri, siwezi kudanganya.

Mtori uliisha saa saba mchana. Vijana wawili walilalamika hauna giligilani, nikawachumia. Muziki niliuzima mpaka saa kumi, mpira ulipoanza kelele zikarudi na wazee wakanyanyuka. Hilo sijalipatia dawa. Kesho naenda halmashauri kwa ajili ya leseni, Mshauri asante, nilikuwa kweli nimebaki na ya mama.

Mzee wa elfu tano hakuja. Bakuli limeenda kwake na mama, kwa bodaboda.

Kata Mbili

Na picha bado hujaleta.

Dereva wa Noah

Jumapili hii nashusha wageni sita kutoka Materuni. Mtori unakuwa tayari saa ngapi?

Mwana wa Kihamba

Saa tano. Ukifika saa nane utamkuta mpishi anasugua sufuria.